Rimu za Land Cruiser zimeliwa na magadi, nipulize rangi au nipige poda koti?

mkonga_arusha:
Wakuu habari za jioni. Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, rimu za chuma inchi 16 zile za ringi (pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye rimu), tairi 7.50 za tubu. Nabeba wageni na msimu huu nimeenda Ziwa Natron kama mara sita, sasa lile vumbi la magadi likipata maji linaganda pale rimu inapokutana na tairi, rangi imetoka malengelenge, ukibonyeza na kidole inabanduka na chini yake kutu tupu. Mmoja ananiambia poda koti (rangi ya unga ya kuokwa), mwingine anasema nunua makopo ya spre umalize mwenyewe Jumapili. Hii gari ndo inalisha familia, nataka kitu cha kudumu. Nifanyeje?

fundi_rangi_moro:
Kiongozi, kwanza usalama. Hizo rimu za ringi usizifungue zikiwa na upepo hata kidogo, toa upepo wote mpaka kile kisindano cha valvu ukichomoe kabisa ndo ugonge ringi. Ile ringi ikiruka inaua mtu, sio maneno ya kutishana.

Haya rangi sasa. Spre ya kopo juu ya kutu ni hela umetupa, itabanduka tena. Osha magadi yote kwa maji baridi na sabuni, kausha, halafu peleka zikapigwe mchanga mpaka chuma kiwe cheupe, kama hakuna basi grainda na brashi ya waya, malizia msasa namba 80 halafu 180. Ikishakuwa nyeupe usiilaze hivyo, siku hiyohiyo futa na tinna upulize praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushika chuma), maana umande wa usiku mmoja tu unarudisha kutu. Juu yake rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kukaza rangi), koti mbili au tatu nyembamba, kila moja uipe muda ikauke kidogo. Hadina ni mbaya kwa mapafu, kitambaa puani hakitoshi, vaa maski ya filta na fanyia nje penye hewa.

Poda koti ni nzuri sikatai, inaokwa kwenye oveni karibu nyuzi 200 inakuwa ngumu kweli. Ila kwa barabara zako za kokoto mi nisingekushauri. Jiwe likiipasua maji yanapenya chini, kutu inatembea huko ndani wewe huoni, siku unagundua inabanduka bonge zima, na kuirudia lazima iokwe tena. Rangi ya kawaida ikichubuka unapiga msasa na kugusia mwenyewe nyumbani.

dereva_wa_pori:
Naongezea kitu kilichonikuta. Nilipeleka rimu gereji moja wakapaka rangi nzito kila mahali, mpaka kwenye matundu ya nati na ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (pale rimu inapofungwa). Nikabana nati vizuri kabisa nikaondoka na wageni, kutoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu naanza kusikia usukani unacheza, nashuka nakuta nati zote tano zimelegea, stadi (bolti ya nati) moja imekatika. Ile rangi ilikuwa inasagika chini ya nati, ikiisha inaacha nafasi. Nilitetemeka ndugu zangu, nyuma nilikuwa na watoto wawili. Hayo maeneo mawili zibeni na tepu ya karatasi kabla ya kupuliza, na baada ya kufunga tairi bana nati tena ukitembea kilomita 50 hivi, kesho yake tena.

tanga_4x4:
Huku kwetu chumvi ya bahari ndo magadi yetu. Usisahau upande wa ndani ambako tubu inakaa, watu wanapendezesha nje tu. Kutu ya ndani inakuwa kama msasa, inasugua tubu taratibu unapata pancha huoni hata msumari. Na ukitoka Natron osha gari siku hiyohiyo, rimu kwa nyuma pia.

mkonga_arusha:
Asanteni sana wakuu, poda koti nimeachana nayo. Na ringi zenyewe nipake?

fundi_rangi_moro:
Paka ila nyembamba sana, praima na koti moja. Ule mfereji inapokaa usafishe mpaka uone chuma, rangi ikijaa mle ringi haikai sawasawa. Na ringi yenye ufa au iliyopinda usiipake wala usiinyooshe, nunua nyingine. Siku ya kujaza upepo kazi afanye fundi tairi mwenye kizimba cha chuma cha kuzuia ringi ikiruka, wewe kaa mbali.

mkonga_arusha:
Sawa kaka. Jumatatu nafungua mbili za mbele, nitaweka picha.