Yule jamaa wa kijiweni KANIZIMIA SPIKA mbele za watu

Wakuu, salamu leo hakuna. Natoka Barabara ya 12 hapa Tanga sasa hivi, mikono inatetemeka.

Yule jamaa. Mnamjua. Wa kofia, anayejua muziki kuliko waliouimba.

Nimekaa na kahawa yangu, nikawawekea watu albamu ya The Last DJ ya Mmarekani Tom Petty, ya 2002. Ndiyo, roki, Ngamiani, mtajijua. Humo mtu anazichana kampuni za muziki kwa ulafi. Nimefika wimbo wa pili, ule wa tiketi kupaa bei, jamaa kanyoosha kidole, KAZIMA. Spika yangu! Chaji yangu! Halafu eti: "Tajiri analia njaa huku anabeua pilau." Kijiwe kikacheka mpaka paka akakimbia.

Haya, hata wachambuzi wa Marekani waligawanyika. Wapo waliosifu, wapo waliosema mzee ananuna tu na kuhubiri. Sawa. Lakini kuna aliyemzimia mtu spika?

Na huyo "tajiri" Petty, 1981 kampuni ilitaka kuuza albamu yake Hard Promises dola 9.98 badala ya 8.98, akagoma mpaka wakanywea. Yule wa kofia kagomea nini maishani? Kahawa yenyewe anakopa. KAZIMA, wallahi, kwa kidole kimoja!

Kashata: Nilikuwepo. Hakuzima, chaji iliisha. Pilau umeongeza wewe.

Mleta mada: Kashata wewe shemeji yake, kaa pembeni. ALIZIMA.

Mtoto wa Makorora: Dola moja ndiyo umetupandishia presha asubuhi yote hii?

Bi Mwambao: Mnamlilia Mmarekani. Nyimbo za taarab za Black Star na Lucky Star, za hapa hapa Tanga, zinapigwa harusini mpaka leo. Nani kawahi kuuliza wale wazee wanapata nini?

Chumbageni Juu: Harusi zipi Bi mkubwa? Ya juzi ilikuwa singeli tupu tangu saa mbili, mama yangu kaondoka kabla ya keki.

Kashata: Ulafi mnautafuta mbali. Kahawa kikombe 200, na kashata siku hizi nyembamba kama laini ya simu.

Mleta mada: Jamani, spika.

Mtoto wa Makorora: Laini ipi Kashata, zile kubwa za zamani au hizi za kukata?