Wateja 11, folda 11 za programu ileile: nianzie wapi kuziunganisha?

fundi_mza

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaba, naomba ushauri wa mliowahi kulipitia.

Natengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilianza 2019 na duka moja hapa Mwanza. Alipokuja mteja wa pili nikanakili folda nzima, nikabadilisha jina na nembo, nikaongeza alichotaka, siku mbili kazi imekwisha. Wa tatu hivyohivyo. Leo ninao 11, kumi huku kwetu na mmoja Kisumu, kila mmoja na folda yake.

Tofauti zenyewe ni za kweli. Kuna anayeuza misumari kwa kilo na anayeuza kwa katoni. Kuna anayekata nondo na anataka kipande kilichobaki kionekane stoo. Wawili wanakopesha mafundi, wengine hawataki hata kuliona neno deni kwenye skrini. Wa huku risiti zao zinapita TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, VAT asilimia 18. Wa Kisumu anatumia eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, asilimia 16, na bei zake zina senti.

Mwezi uliopita niligundua kosa: bidhaa iliyouzwa kwa punguzo ikirudishwa, stoo inaihesabu mara mbili. Mistari minne tu. Nikakesha nikirekebisha folda moja baada ya nyingine. Kwenye folda ya saba faili lile nilikuwa nimelipa jina jingine, nikaliruka. Wiki mbili baadaye mama mwenye duka akanipigia: mfumo unasema mifuko 46 ya saruji, yeye kwa mkono kahesabu 31. Alikuwa ameshamtuhumu kijana wake wa stoo. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikwenda mwenyewe kumwomba kijana radhi.

Sasa nataka kuziunganisha. Nifungue matawi 11 kwenye Git (programu ya kutunza matoleo), yaani nakala 11 zinazokwenda sambamba, au niandike yote upya?

tawi_kavu

Mkuu, matawi hapana. Tawi ni la kazi itakayorudi kwenye shina, yaani programu kuu. Tawi la mteja halirudi kamwe, na marekebisho utaendelea kuyahamisha kwa mkono, mara 11.

mzee_wa_rauta

Pole kijana, na ulifanya vema kumwendea yule wa stoo.

Usiandike upya. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye programu za rauta. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux ni kimoja, lakini kinakaa kwenye simu, kwenye rauta na kwenye seva, kwa sababu tofauti zake zimeandikwa kwa utaratibu mmoja, Kconfig. Ni machaguo zaidi ya elfu kumi. Kila chaguo lina jina, maelezo na masharti: hili haliwashwi bila lile. Ukimaliza kuchagua, unabaki na faili moja la maandishi, na ukilihifadhi unaweza kujenga kitu kilekile tena mwakani. Mteja wako naye awe faili la mipangilio, asiwe folda.

Chukua folda mbili zinazofanana zaidi, zilinganishe mstari kwa mstari. Kila tofauti jiulize: mteja aliiomba, au nilipitiwa tu? Za kupitiwa zifute. Zilizoombwa zipe majina ya dukani: kukopesha, kukata nondo, kipimo cha misumari. Kisha zichore kama mti: vya lazima, vya hiari, na pale unapochagua kimoja tu, kama TRA na KRA. Uchoraji huu ulitoka Carnegie Mellon mwaka 1990, kwa Kyo Kang na wenzake, na kwa ukubwa wako karatasi na kalamu vinatosha. Andika na masharti: kikomo cha deni hakina maana pasipo kukopesha.

Halafu amua kila tofauti inaamuliwa lini. TRA au KRA, siku ya kusakinisha. Kukopesha, mwenye duka awashe mwenyewe. Asilimia ya VAT usiifanye chaguo kabisa. Iwe jedwali lenye tarehe. Kenya ilishusha hadi asilimia 14 mwezi Aprili 2020, ikarudisha asilimia 16 mwezi Januari 2021. Mtu akirudisha mali, unahesabu kwa kiwango cha siku aliyonunua.

Na ujifunze kumwambia mteja hapana. Machaguo 12 ya kuwasha na kuzima yanazaa michanganyiko 4,096.

dada_majaribio

Hiyo 4,096 isikutishe, kaka. Anza na mipangilio 11 ambayo wateja wanaitumia, na mashine iipitishe yote kwenye majaribio kila unapogusa shina.

Ninachokiogopa zaidi ni moduli, yaani kipande cha programu, iliyozoeleka. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilisambaratika angani takribani sekunde 40 baada ya kuwashwa. Programu ya vifaa vya kupima mwelekeo ilitoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16, haikuenea. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ileile, nacho kikazima. Tena sehemu iliyokwama haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka.

Kwa hiyo kabla hujaiingiza moduli kwenye shina, andika juu yake inategemea nini. Nenda katazame inayokadiria bei kufikia namba nzima.

fundi_mza

Nimeshinda nayo Jumamosi nzima. Folda ya kwanza na ya saba zinatofautiana sehemu 140. Walizoomba wateja ni 13. Sikutegemea.

Dada, asante sana. Moduli ya kukadiria niliiandika 2019 na inatupa senti zote. Kisumu nilikuwa nimeikwepa kwa kuzidisha kila bei kwa mia kabla ya kuiita, nikasahau. Ningeiingiza kwenye shina hivyohivyo. Sasa shina linabeba senti popote, na kukadiria kumehamia kwenye moduli ya risiti, ya TRA kivyake na ya KRA kivyake.

Duka la saba ndilo litakalohamia kwanza, nimeshaongea na mama. Kijana wa stoo amekubali kuhesabu mifuko kwa mkono kila jioni kwa wiki mbili, tulinganishe na mfumo kabla sijagusa duka la pili.