Mauzo, ghala na uhasibu vinatoa takwimu tatu tofauti: tuanzie wapi kuunganisha mifumo?

Karani_wa_Leja

Ndugu wanajamvi, salaam. Nasimamia kitengo cha hesabu katika kampuni inayosambaza vifaa vya umeme kwa jumla, na kila mwisho wa mwezi tunafanya kazi ambayo naamini haikupaswa kuwepo. Idara ya mauzo ina programu yake ya kutoa ankara, ghala lina programu ya kufuatilia mizigo inayoingia na kutoka, ofisi ya rasilimali watu ina mfumo wa mahudhurio na mishahara, na sisi wa uhasibu tuna leja yetu. Kila mfumo ukiutazama peke yake unafanya kazi vizuri. Shida huanza linapoulizwa swali linalogusa idara mbili kwa pamoja. Mwezi uliopita uongozi ulitaka kujua tumeuza katoni ngapi za swichi za ukutani: mauzo walisema 312, ghala likasema zimetoka 287, na mapato yaliyokuwa kwenye leja yangu hayakulingana na takwimu yoyote kati ya hizo. Tulikaa siku sita tukipekua ankara na hati za kutolea mizigo moja baada ya nyingine.

Utaratibu wetu ni kwamba kila jioni karani wa mauzo hutoa faili la ankara za siku, na asubuhi inayofuata kijana wa ofisini kwangu huziingiza upya kwenye leja kwa mkono. Taarifa ya ghala hutufikia kwa wiki, mara nyingine baada ya wiki mbili.

Uongozi sasa unataka tununue mfumo mmoja mkubwa utakaobeba idara zote, ilhali fundi wetu wa kompyuta anashauri mifumo iliyopo ibaki, iunganishwe ili ipelekeane taarifa yenyewe. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: ipi inafaa, na tuanzie wapi? Naomba pia kueleweshwa tofauti kati ya mfumo wa kuchakata miamala na mfumo wa taarifa wa idara, maana katika vikao vyetu maneno haya hutumika kana kwamba ni kitu kimoja.

Mchambuzi_Mifumo

Ndugu Karani, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Mfumo wa kuchakata miamala hunasa tukio pale pale linapotokea: ankara imetolewa, mzigo umepokelewa, malipo yameingia, mfanyakazi amefika kazini. Wajibu wake ni kuliandika tukio hilo mara moja, kwa ukamilifu, na kutolipoteza. Mfumo wa taarifa wa idara hujengwa juu ya kumbukumbu hizo; huzikusanya na kuzipanga ili mkuu wa idara aone bidhaa ipi inakaribia kwisha, mteja yupi amechelewa kulipa, na zamu ipi imelimbikiza saa za ziada. Mara nyingi programu moja hufanya kazi zote mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Lakini tofauti hii ina uzito, kwa sababu asiyeiona hukesha akirekebisha taarifa wakati kasoro iko kwenye muamala wenyewe.

Kanuni kuu ya muamala ni kwamba hukamilika wote au haufanyiki kabisa. Bidhaa ikiuzwa kwa mkopo na kukabidhiwa, deni la mteja linaongezeka, akiba ya ghala inapungua na mapato yanaandikwa. Umeme ukikatika baada ya hatua ya kwanza, mfumo uliojengwa vizuri hurudisha kila kitu kilivyokuwa, asibaki mteja anayedaiwa mzigo ambao ghala halijui kama umetoka. Mwaka 1983 wanasayansi wa kompyuta Theo Härder na Andreas Reuter walizikusanya sifa za muamala salama chini ya kifupi cha Kiingereza, ACID: kutogawanyika, uthabiti, kutoingiliana na kudumu. Msingi wa fikra hizo uliwekwa kwa sehemu kubwa na mwenzao Jim Gray, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 1998.

Sasa tazama kwenu. Uuzaji mmoja umekatwa vipande vitatu, na kati ya kipande kimoja na kingine kuna usiku mzima, kijana anayechapa kwa mkono, na pengine wiki mbili za kusubiri. Kila programu inazishika kanuni hizo ndani ya mipaka yake, ila hakuna kinachoulinda muamala unapovuka kutoka idara moja kwenda nyingine. Ndiyo maana kila mfumo ni mzima na kampuni haina jibu.

Kuhusu kununua au kuunganisha, njia zote mbili zina gharama zake. Wazo la mfumo mmoja wenye hifadhidata moja si geni. Kampuni ya programu ya SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM, na tangu mwanzo lengo lilikuwa taarifa ikishaingizwa mahali pamoja isihitaji kuingizwa tena kwingine. Faida yake ni kubwa, lakini idara zitalazimika kubadili namna zinavyofanya kazi, na mabadiliko hayo huchosha kuliko programu yenyewe. Kuunganisha mifumo iliyopo ni kwepesi mwanzoni. Hata hivyo, kila mfumo ukiunganishwa moja kwa moja na kila mwingine, mifumo minne inahitaji viungo sita, na minane inahitaji 28, kila kimoja kikidai matunzo yake. Mkiamua njia hiyo, wekeni kituo kimoja cha kati ambacho kila mfumo utapeleka na kupokea kupitia hapo.

Kabla ya yote hayo, chukua zile katoni 25 za tofauti kati ya 312 na 287, uzifuate moja moja hadi ujue kila moja ilipotelea wapi. Usikubali jibu la jumla kwamba makarani hawako makini.

Msimamizi_Ghala

Naunga mkono ushauri huo, nikiongeza machache kutoka upande wetu wa ghala. Neno "tumeuza" halina maana moja. Kwa mauzo, bidhaa imeuzwa ankara ikitoka. Kwangu imeuzwa ikipita langoni na hati ya kutolea ikasainiwa. Mteja anayelipia leo na kuchukua mzigo wiki ijayo anahesabika kwa mauzo, kwangu bado. Angalia pia vipimo: nimefanya kazi mahali ambapo mauzo waliandika 1 wakimaanisha katoni, nasi tukaandika 24 tukimaanisha vipande, na ilichukua miezi kabla mtu hajatambua kwamba baadhi ya makarani walibadilisha vipimo kwa kichwa na wengine hawakubadilisha. Mizigo inayorudishwa nayo isisahaulike. Huingia kwetu siku ileile, lakini hati ya kumpunguzia mteja deni huweza kukaa kwenye droo ya mtu.

Karani_wa_Leja

Nashukuru sana. Nimerudi baada ya kufanya zoezi hilo pamoja na wenzangu wa mauzo na ghala, tukiwa meza moja kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe hapa. Katoni 14 zilitolewa ankara siku mbili za mwisho wa mwezi na kupita langoni mwezi uliofuata. Katoni 6 zilirudishwa na mteja. Ghala lilizirudisha kwenye akiba na kuzitoa kwenye hesabu yake, lakini mauzo hawakuwa wameandika hati ya kupunguza deni. Zilizobaki 5 zilitoka ghalani kwa msimbo mwingine, kwa sababu ghala limezitenga swichi za njia moja na za njia mbili, ilhali mauzo wana msimbo mmoja tu kwa zote. Kwenye leja yangu tulikuta ankara mbili zilizoingizwa mara mbili na moja iliyorukwa, na hilo ni kosa letu sisi wenyewe.

Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea sana, lakini siku sita zilikwisha. Swali langu sasa ni hili: je, kuunganisha mifumo kungeyaondoa haya?

Mkaguzi_wa_Ndani

Kungeondoa yale ya leja yako karibu yote, kwa kuwa hakuna mtu angechapa ankara mara ya pili. Zile 14 zingebaki, na zinapaswa kubaki, kwa sababu si kosa. Ni tofauti ya tarehe ambayo mfumo unatakiwa kuionyesha wazi kama bidhaa zilizouzwa na hazijachukuliwa. Zile 5 zingekuwa mbaya zaidi, kwani kiungo kinachobeba misimbo isiyolingana huhamisha makosa kwa kasi ambayo karani asingeifikia.

Kuna kisa kinachojulikana sana katika fani hii. Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani iliwasha mifumo mipya kadhaa kwa pamoja mnamo Julai 1999, muda mfupi kabla ya msimu wake mkubwa wa mauzo, na ikashindwa kupeleka oda nyingi kwa wateja ingawa bidhaa zilikuwa ghalani. Mzigo ukiwepo na kumbukumbu isiwepo, kwa mfumo mzigo huo haupo. Kwa hiyo msibadilishe kila kitu kwa siku moja, wala msichague mwezi wenye kazi nyingi.

Katika ukaguzi mimi hutafuta mambo ambayo mafundi hawayapi kipaumbele. Kiungo kikikatika hakipigi kelele; ankara hubaki njiani na kila upande huamini mwenzake ameipata. Lazima pawe na orodha ya miamala iliyokataliwa au kukwama, na mtu mwenye jina anayeifungua kila asubuhi. Kila ankara iwe na namba ya pekee inayosafiri nayo hadi kwenye leja, ili ikitumwa mara mbili ya pili ikataliwe, na namba ikirukwa pengo lionekane. Mwisho wa siku, idadi ya ankara na jumla yake upande wa mauzo vilinganishwe na vilivyoingia kwenye leja. Ni kazi ya dakika chache ambayo ingewaokolea siku zile sita. Halafu kuna haki za kuingia. Leo karani wa mauzo akikosea, kosa linakaa kwenye programu yake. Mifumo ikiungana, kosa hilo litashusha akiba ya ghala na kupandisha mapato papo hapo. Anayetoa ankara asiwe na uwezo wa kuifuta peke yake.

Hapa natofautiana kidogo na ndugu Mchambuzi: si kila mfumo unahitaji kupita kwenye kituo hicho cha kati muamala kwa muamala. Mishahara inaweza kubaki pembeni, ikapeleka kwenye leja jumla za kila idara mara moja kwa mwezi, kwa mafungu. Hakuna anayehitaji kuona mshahara wa mtu mmoja mmoja ndani ya leja, na kuna sababu nzuri ya kuuficha. Mauzo na ghala ndiyo yanayohitaji kuonana papo kwa papo, kwa sababu muuzaji hulazimika kumwahidi mteja mzigo akiwa bado anazungumza naye.

Mchambuzi_Mifumo

Kuhusu mishahara nakubali, nilipaswa kulisema.

Karani_wa_Leja

Tumekubaliana na uongozi ununuzi usubiri. Tunaanza na orodha moja ya bidhaa yenye msimbo mmoja na kipimo kimoja cha msingi, kisha kiungo cha mauzo na ghala, kisha leja. Kikao kimekwama mahali pamoja tu: nani awe mwenye orodha hiyo? Mauzo wanaitaka kwa kuwa wao ndio wanaomfahamu mteja, na ghala linaitaka kwa kuwa ndilo linaloishika bidhaa.

Msimamizi_Ghala

Msimbo mpya uanzishwe na ghala, kwa sababu bidhaa hupita mikononi mwetu kabla haijauzwa, na usianze kutumika hadi uhasibu uuidhinishe. Mauzo waruhusiwe kuomba jina la kibiashara na maelezo, wasiruhusiwe kufungua msimbo. Na zile swichi za njia mbili zipewe msimbo wake kabla kiungo hakijawashwa.