Tupeane uzoefu: Waliokula Eataly ya Las Vegas, ile iliyo ndani ya kasino

Posho ya Safari: Wakuu habari za jioni. Januari ofisi inanituma Las Vegas kwenye CES, yale maonyesho ya teknolojia, na chumba wamenichukulia Park MGM. Nasikia humo ndani kuna Eataly, soko la vyakula vya Kitaliano lenye kaunta za kula na duka, la wale Wataliano wa Oscar Farinetti walioanzia Torino mwaka 2007. Hii ya Vegas ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2018, mwaka uleule hoteli ilipoacha jina lake la zamani la Monte Carlo. Kamari sichezi, na posho yenyewe mnazijua posho zetu. Menyu nimeshaiona mtandaoni. Nataka yale ambayo menyu haisemi.

Mzee wa Trela: Karibu Nevada mdogo wangu. Kasino isikutishe, Eataly ina milango inayotazama Strip, ile barabara kuu ya mahoteli na kasino, unatoka barabarani unaingia moja kwa moja. Ukipitia ndani nako hakuna shida: Park MGM haivutwi sigara kabisa tangu ilipofunguliwa upya Septemba 2020. Kwingine utakula piza huku koti linanuka moshi wa jirani. Na ukitaka kwenda hoteli ya Bellagio usichukue teksi, kuna treni ndogo ya bure inapita hoteli ya Aria.

Tumbo Halina Likizo: Mkuu, ukifika usinunue chochote, zunguka kwanza mzunguko mzima. Wageni wengi huishia kaunta ya kwanza wakashiba, halafu wanaanza kutamani wakiwa wamechelewa. Mimi nilisimama kwa akina dada wa pasta hadi wakanizoea. Unga na mayai vinakandwa, donge linapitishwa kwenye mashine mara kadhaa hadi linakuwa shuka jembamba la manjano, kisha linakatwa na kunyunyiziwa unga lisishikane. Hiyo ikiiva ni dakika mbili tatu tu majini, na bado ina ukinzani kidogo ukiuma. Ile piza yao ya Kiroma, alla pala, ni ndefu, wanakukatia kipande. Chini inalia kaukau, katikati ina matundu ya hewa. Kwa mwenye posho, hapo ndipo pa kuanzia.

Bi Mkubwa wa Kibokoni: Asalaam alaykum. Waislamu wenzangu, muulize kabla ya kuagiza. Prosciutto na guanciale ni nguruwe, hilo wengi mnalijua. Lakini cannoli nazo, vile vibomba vya kukaanga vyenye krimu ya jibini ndani, unga wake kwa desturi hutiwa mvinyo wa Marsala, na kuna wanaotumia mafuta ya nguruwe. Tiramisu, ile keki laini ya kahawa, nyingi zina pombe. Mimi nilikula margherita, piza ya nyanya na jibini tu, nikamalizia na jelato, aiskrimu yao, ya pistachio, nikamshukuru Mola. Yule kijana wa kaunta nilipomuuliza alikwenda jikoni akauliza, hakunibabaisha.

Mama Mapacha: Wenye watoto: aliye chini ya miaka 21 anaruhusiwa kupita eneo la kamari, kusimama hapana. Wangu walitaka kutazama mashine zinavyowakawaka, mlinzi akatusogeza kwa adabu. Ndiyo maana nami nawapitishia mlango wa barabarani.

Kibanda Umiza: Yaani mtu anatoka Mbagala anakwenda Vegas kula tambi? 😂 Haya, nawasubiri na picha.

Posho ya Safari: Cheka tu mkuu. Sasa risiti inakuwaje? Bei ya menyu ndiyo bei?

Mzee wa Trela: Hapana. Chakula kilichopikwa kinaongezwa kodi ya mauzo, huku Clark County, wilaya yenye Las Vegas, ni asilimia 8.375. Ukihudumiwa mezani weka na tipu ya asilimia 18 hadi 20, ndivyo watu wa hapa wanavyoishi. Ila pasta kavu, nyanya za kopo na jibini unavyobeba kwenda kupika mwenyewe havina kodi hiyo Nevada.

Tumbo Halina Likizo: Na jibini ndiyo zawadi ya kubeba. Gurudumu zima la Parmigiano Reggiano lina karibu kilo 40, kwa hiyo omba kipande, wakufungie bila hewa. Sheria yao ni ikomazwe miezi 12 kwenda juu. Mimi nachagua ya 24 au zaidi: ukiivunja kwa mkono utakuta chembe nyeupe zinazokwaruza jinoni. Si chumvi hizo, ni dalili imekaa.

Posho ya Safari: Nimeandika yote. Kuna aliyekwenda saa sita mchana siku za CES? Foleni ikoje?