Navigesheni ya gari la Japani: kuibadilisha, kufunga redio ya Android, au kubaki na simu?

Kigamboni_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Nina mwezi wa nne na gari niliyoagiza Japani, ya 2014. Injini safi, AC inagandisha, sina la kulalamika huko. Kero yangu ni ile skrini ya katikati. Kila nikiwasha, mama wa Kijapani ananipigia sentensi ndefu nisiyoielewa. Mwanangu wa miaka mitano ameshaikariri yote na anaitamka kabla yake. Nikifungua ramani naona mshale wa gari umesimama kwenye buluu tupu, kama vile nimeegesha katikati ya bahari. Redio inaishia 90, Times FM 100.5 naisikilizia kwa jirani.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema ataniwekea ramani ya Tanzania humo humo kwa elfu themanini. Wa pili anasema ng'oa, funga redio ya Android, ile ya skrini inayotumia programu kama simu, laki nne na ufundi. Wa tatu kanicheka, kaniambia ninunue stendi ya simu ya elfu kumi na tano niende zangu. Mke wangu anamuunga mkono wa tatu, ila yeye kwenye hela huwa upande wa bei ndogo siku zote. Nawasilisha.

FundiWaya
Mkuu, huyo wa elfu themanini mkimbie. Skrini hizi zilitengenezwa kwa soko la Japani tu. Ramani yake iko kwenye kadi, DVD au diski ya ndani, kwa mpangilio ambao kifaa hicho peke yake ndicho kinausoma. Si kama simu, kwamba utapakua nchi nyingine. Kuna aina chache unazoweza kubadili menyu ikawa Kiingereza, na mafundi wengine hufanya hivyo halafu wanakuambia "tayari". Menyu utaielewa, ramani itabaki ya Japani.

Setilaiti za GPS zinaizunguka dunia nzima, kwa hiyo gari lako linajua fika liko Kigamboni. Lisichokuwa nacho ni ramani ya kukuonyesha Kigamboni.

Kuhusu yule mama: kama anaongea mara tu unapowasha, uwezekano mkubwa anakwambia kadi ya ETC haijawekwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Ana kikasha chake kidogo, tafuta chini ya usukani, ndani ya droo ya abiria au karibu na kioo cha mbele. Chomoa plagi yake. Hakihusiani na injini wala redio.

Na usikubali fundi yeyote achomoe betri kabla hujajua kama redio yako ina namba ya siri. Nasisitiza hapo.

BintiTabata
Hilo la betri msilipite haraka, limenila mimi. Nilibadilisha betri, kurudi skrini inadai kadi ya ramani kwa Kijapani, na gari lilifika bila hiyo kadi. Redio kwaheri, kamera ya nyuma kwaheri, hata sauti ya simu kwaheri. Nikampata mtu mtandaoni anayeuza namba za kufungulia, nikamtumia hela, mpaka leo namba yake haipatikani. Cheka tu, nimeshazoea.

Nikafunga Android, mwaka wa pili sasa, basi niwape uzuri na ubaya wake. Uzuri: redio inafika 108, ramani iko kwenye skrini kubwa, simu inabaki kwenye mkoba. Ubaya: nilinunua ya bei rahisi yenye memori ndogo. Ukiwasha asubuhi inawaza. Kamera inajitokeza wakati nimeshatoka getini! Na mshale ulikuwa unaogelea: niko Tabata, wenyewe unasema niko Segerea. Kumbe fundi aliitupa antena ya GPS ndani ya dashibodi, chini ya mabati. Tulipoibandika juu, karibu na kioo, ikatulia siku hiyo hiyo. Ukienda kufunga simama pale pale, muulize antena anaiweka wapi, na vitufe vya usukani vijaribiwe kabla hujalipa.

Intaneti ni ya bando la simu yako, msidhani inakuja nayo.

WaRuaka
Mimi niko Nairobi na wenzangu mnanishangaza, mnafikiri ukipata gari yenye ramani ya huku umemaliza. Yangu ilinunuliwa hapa hapa, na Afrika Mashariki imo ndani. Lakini ni ramani ya 2018. Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia inayopita juu ya Mombasa Road, ilifunguliwa 2022. Kwa hiyo nikiwa juu, gari inaamini niko chini Mombasa Road, inaniambia nikate kushoto kuingia South C. Nikate niende wapi, niruke? Nilipouliza bei ya ramani mpya nikatajiwa pesa ya kununua simu nzuri kabisa. Nikauliza kama hiyo mpya ina Expressway, nikajibiwa "tutaangalia".

Niwe mkweli, hata simu inachanganyikiwa pale. Njia mbili zimebebana, na GPS haina uhakika sana wa uko juu au chini. Amua mapema, kabla ya Mlolongo, kama unapanda na kulipia au unabaki na msongamano. Usingoje uambiwe.

Mpemba_Darajani
Mie navigesheni yangu nashusha kioo namuuliza muuza urojo. Simu ilinambia nipite kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho hata mkokoteni unapita kwa kuomba radhi. Nilirudi kinyumenyume watoto wananiimbia.

MasafaMarefu
Niko upande wa fundi wa tatu, na mimi barabara ndiyo ofisi yangu. Simu inatosha, ila kuna adabu zake.

Pakua ramani ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri. Google Maps inakuruhusu kuhifadhi eneo, ila bila mtandao hutaona foleni, na eneo ulilohifadhi lina muda wake, lisipohuishwa linafutika. Kwa safari ndefu naongeza Organic Maps. Ni programu ya simu inayotumia ramani za OpenStreetMap, zile zinazochorwa na watu wa kujitolea, ukishapakua nchi haikuombi bando tena. Kwa Dar imenifaa sana uswahilini, kwa sababu mradi wa Ramani Huria tangu 2015 uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani kuchora vichochoro na mifereji. Hapo Tandale unapita kama mwenyeji. Lakini foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni haiijui, hapo narudi Google. Natumia zote mbili, sioni haja ya kuchagua.

Stendi usiibandike kwenye kioo cha mbele. Jua la saa saba simu inachemka, inajizima ukiwa katikati ya pori. Nunua ile ya kubana kwenye tundu la AC, simu inapulizwa baridi safari nzima. Na waya wa chaji uwe mzuri, ramani inakula betri kuliko chaji inavyoingia.

FundiWaya
Nimesahau redio. Kuna kifaa kidogo cha kuteremsha masafa, kinakaa kwenye waya wa antena. Kipo cha kuteremsha 14 na kipo cha 20. Fanya hesabu kabla ya kununua. Cha 20, Times 100.5 utaipata kwenye 80.5, lakini EFM 93.7 inaangukia 73.7, na redio yako inaanzia 76, umeikosa. Cha 14, Times inakaa 86.5 na EFM 79.7, zote zimo. Ila vituo vya juu ya 104 ndiyo kwaheri.

WaRuaka
Hiyo ya 14 kwetu haifai basi. Radio Citizen ni 106.7.

MzeeSaaMbili
Vijana, kabla hamjaing'oa tazameni saa yake. Saa ya Japani iko mbele yetu kwa masaa sita. Sisi tukiwa 8:00 asubuhi, yenyewe inaandika 2:00. Saa mbili! Ndilo gari pekee linalosoma saa kwa Kiswahili. Mimi yangu sijaigusa.

BintiTabata
😂😂 Mzee wangu, shikamoo. Sikuwahi kuliona hilo, na sasa nimeshaitupa.

Kigamboni_Pwani
Wakuu, mrejesho. Skrini nimeiacha, kwa sababu kamera ya nyuma inafanya kazi na sitaki kuchokoza betri. Stendi ya AC nimenunua, Organic Maps nimeweka, kifaa cha 14 kimefungwa jana, Times inasikika. Jumla haijafika elfu sitini. Mke wangu ameomba niandike hapa kwamba alisema.

Kikasha cha ETC kilikuwa chini ya usukani kama alivyosema FundiWaya, nimechomoa. Leo asubuhi nimewasha gari, kimya. Mwanangu akasema ile sentensi yake, akasubiri, akaniuliza bibi amekwenda wapi. Nadhani jioni nitairudisha ile plagi.