Michoro 46, wachoraji watatu: mnapangaje mafaili ya AutoCAD?

SkeliMojaMia
Wakuu, habari za kazi. Mradi ni jengo la makazi la ghorofa nne, Dar es Salaam. Michoro 46: usanifu, nondo, umeme na mabomba. Wachoraji watatu, AutoCAD 2021 (programu ya kuchora kwa kompyuta), mafaili yako kwenye seva ya ofisi. Kwa sasa kila mchoro ni faili lake na kila faili lina nakala yake ya plani, hivyo ukuta wa ngazi ukisogea sm 15 unasogezwa mara kumi na moja. Mkadiriaji anapima madirisha kwenye A-103_mwisho_mwisho2, saiti wanajenga kwa A-103_mwisho3. Nianzie wapi kusafisha?

Penseli2H
Mkuu, anzia kwenye hizo nakala kumi na moja za plani. Majina ya ajabu ni dalili tu.

Tengeneza folda tano: 01_Vilivyopokelewa, 02_Modeli, 03_Shiti, 04_Vya_pamoja, 05_Vilivyotolewa. Kwenye 02 kila plani inakaa mara moja tu, imechorwa kwa saizi yake halisi kwa milimita, bila fremu: A-M-00 ya chini, A-M-01, na kama ghorofa za 2 hadi 4 zinafanana, faili moja A-M-02-04. Mhandisi wa nondo ana S-M-00 yake, wa umeme E-M-00, na kila mmoja ameileta plani ya usanifu kwa XREF, yaani kiungo kinachoonyesha faili jingine bila kulinakili.

Kwenye 03 faili la shiti halina ukuta hata mmoja. Lina XREF ya modeli kwenye 0,0,0, skeli 1, mzunguko 0, kisha leyauti (ukurasa wa kuchapa) yenye fremu na dirisha la kutazamia modeli kwa skeli ya 1:100. Ukuta ukisogezwa kwenye modeli, shiti zote zinaupata.

Mambo mawili huharibu mpango huu mapema. La kwanza ni njia ya faili. Chagua njia ya uhusiano, inayohesabiwa kutoka lilipo faili lenyewe, yaani mpangilio wa REFPATHTYPE uwe 1. Ukiacha njia kamili, inayoanza na herufi ya diski, kompyuta inayoiita seva Z: itaona kila kitu, inayoiita S: itapata shiti tupu zenye ujumbe kwamba XREF haikupatikana. Na usichanganye diski mbili: njia ya uhusiano haiwezi kutoka diski moja kwenda nyingine.

La pili, unapoleta XREF chagua Overlay, usichague Attachment. Kwa Attachment, plani iliyo ndani ya S-M-00 itamfuata kila atakayeileta S-M-00. Shiti ikileta nondo pamoja na plani, kuta zinakuja mara mbili, na ukizima leya (tabaka la mchoro) upande mmoja, upande wa pili unabaki unawaka. Watu hupoteza asubuhi nzima hapo.

Vipimo viweke kwenye modeli ya usanifu, kwenye leya yake peke yake, mwenye nondo aigandishe asipoihitaji.

Kona_Tisini
Nakubaliana na Penseli, ila shiti usizirundike. Wengine huweka leyauti 15 kwenye faili moja kwa sababu ni rahisi kuchapa. Faili la DWG hufunguliwa na mmoja kwa kuhariri, mwenzake anapewa la kusoma tu. Kwa watu watatu, weka leyauti moja kwa faili moja, kisha ziunganishe na Sheet Set Manager, orodha ya shiti zote ndani ya AutoCAD, Ctrl+4. Faili lake la DST linaweza kufunguliwa na wote watatu kwa pamoja. Hufungwa pale tu mmoja anapoandika badiliko.

Faida kubwa iko kwenye fremu. Namba na jina la shiti visichapwe kwa mkono. Viwe fildi (maandishi yanayojijaza yenyewe) za CurrentSheetNumber na CurrentSheetTitle ndani ya bloku ya fremu, yaani fremu iliyofungwa kuwa kitu kimoja. Ukiingiza shiti mpya katikati, badilisha namba kwenye orodha na fremu inajirekebisha ikifanyiwa REGEN, amri ya kuonyesha mchoro upya. Ila usihamishe wala kubadilisha jina la faili la shiti kupitia Windows, DST italipoteza.

Ndiyo maana toleo halikai kwenye jina la DWG. A-103.dwg inabaki A-103.dwg mpaka jengo linakabidhiwa. Toleo liandikwe kwenye fremu na kwenye jina la PDF: A-103_P02.pdf. Mkadiriaji na saiti wapewe PDF kutoka 05 tu, kwenye folda yenye tarehe. Wakihitaji DWG, tumia ETRANSMIT, amri ya kukusanya mchoro na mafaili yake yote, chagua folda zibaki kama zilivyo. Itabeba XREF, fonti za SHX na faili la CTB, linalopanga unene wa mistari wakati wa kuchapa. Bila CTB, wino wa mm 0.5 na wa 0.13 hutoka sawasawa.

SkeliMojaMia
Asanteni sana. Nimejaribu kwenye shiti tatu, kuna mawili yananisumbua. Nikizima leya za plani kwenye shiti ya umeme, nikifungua tena zimewaka. Na ramani ya mpima nikiileta, jengo linakuwa kama punje na hachi (mistari ya kujazia maeneo) zinagoma.

Kona_Tisini
La leya: andika VISRETAIN, mpangilio unaoifanya shiti ikumbuke hali ya leya za XREF, iwe 1. Kama tayari ni 1, basi kuna aliyebadilisha jina la leya ndani ya modeli. Shiti inakumbuka kwa jina, kwa hiyo jina jipya ni leya mpya kwake.

NguzoNaKamba
La mpima: yeye anachora kwa mita, wewe milimita. INSUNITS, mpangilio wa kipimo cha faili, kwenye lake iwe 6 (mita), kwenye lako 4 (milimita), AutoCAD itazidisha yenyewe. Mara nyingi moja huwa 0 (bila kipimo), mtu anakuza ramani kwa 1000 kwa mkono, baadaye mwenzake anarekebisha INSUNITS na ramani inakuzwa tena.

Hachi zinagoma kwa sababu ya umbali. Kwa UTM, mfumo wa majira ya ramani kwa mita, kanda ya 37 kusini, Dar iko karibu na mashariki 531,000 na kaskazini 9,248,000. Zigeuze milimita, unachora mabilioni kutoka sifuri. Usiivute ramani ya mpima kuileta kwenye jengo, beacon (alama za mipaka ya kiwanja) zitapoteza majira yake. Fungua modeli ya kiwanja peke yake, kwa mita, na ulipeleke jengo kule kwa XREF, ulisogeze na kulizungusha huko. Modeli za plani zibaki karibu na 0,0. Kwenye shiti ya kiwanja, dirisha la 1:200 liwe 5xp (xp ni ukuzaji ukilinganisha na karatasi), la 1:500 liwe 2xp, kwa kuwa mchoro ni mita na karatasi ni milimita.

Na kabla ya kupachika faili lolote la kutoka nje, lifungue, AUDIT (kukagua makosa), kisha -PURGE (kufuta visivyotumika) na uchague R kufuta regapp, majina ya programu yaliyosajiliwa ndani ya faili. Hizo hazionekani kwenye dirisha la kawaida la PURGE, na huhamia kwenye mafaili yako kimyakimya kila unaponakili bloku kutoka kule.