Nishaurini: nyimbo za pop za Kijapani zinazofaa majira ya majani kupukutika

Mgeni wa Sendai

Salaam, wanajamvi. Niliingia Sendai, hapa Japani, mwezi Aprili kwa masomo, na sasa ninayaonja kwa mara ya kwanza majira haya ambayo majani hugeuka rangi na kupukutika. (Wako wanaoyaita vuli, lakini mimi niliyekulia Muheza nikisikia vuli nawaza mvua na kupanda mahindi.) Wenzangu wa maabara wamepanga kwenda karaoke mwishoni mwa Oktoba, na mwalimu wetu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, ametoa sharti la utani kwamba kila mtu aimbe wimbo unaoendana na msimu.

Nyimbo za Kijapani ninazozijua ni za katuni, pamoja na ule wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961 ambao nje ya Japani uliitwa kwa jina la chakula, Sukiyaki. Nimejaribu kutafuta mwenyewe nikakwama. Nyimbo za machipuko ni rahisi kuzitambua, maana neno sakura, yaani maua ya mcheri, huwa limekaa palepale kwenye jina. Hizi za msimu huu nazisikiliza mpaka mwisho bila kuona jani hata moja. Naomba nyimbo mbili tatu zisizokwenda mbio, kwa kuwa bado nasoma hiragana, zile herufi nyepesi za Kijapani, kwa kusuasua, na sauti yangu ni nzito. Zaidi ya hapo ningependa kuelewa ni kitu gani kinachoufanya wimbo uwe wa msimu huu.

Mkaazi wa Kitambo

Mdogo wangu, karibu Japani. Huo wa Sakamoto haujapotea njia sana, kwa sababu beti zake hukumbuka siku ya machipuko, ya kiangazi na ya majira haya haya. Ila watu wa hapa huusikia zaidi kama wimbo wa mtu anayetembea peke yake usiku, kainua uso ili machozi yasidondoke.

Kuhusu majani, usiyatafute. Wimbo wa msimu huu unahitaji kitu ambacho bado kipo mkononi, na mwenye nacho anajua kwamba hakitakaa. Mfano ninaouweka mbele ya yote ni wimbo wa Momoe Yamaguchi uliotoka Oktoba 1977, uliotungwa na Masashi Sada. Jina lake huandikwa kwa herufi mbili, moja ya majira haya na nyingine ya sakura, lakini husomwa Kosumosu, yaani lile ua la rangi ya waridi hafifu linaloyumba kandokando ya mashamba mwezi huu.

Anayeimba ni binti anayeolewa kesho. Mama yake, ambaye siku hizi machozi hayamkai mbali, anasikika akikohoa mara moja tu uani. Kisha anafungua albamu ya picha barazani na kurudia hadithi zile zile za utoto wa binti yake, kwa sauti ndogo kana kwamba anajisemea mwenyewe. Baadaye anamsaidia kufunga mizigo huku akijikaza, mpaka ghafla anashindwa, analia, na kumwambia awe na afya njema, akirudia na kurudia. Binti anachoomba ni kuachwa awe mtoto wa mama yake kwa muda kidogo zaidi. Nje kuna jua la uvuguvugu, lile ambalo Wajapani huliita koharubiyori, siku yenye joto la machipuko lililojitokeza wakati baridi inabisha hodi. Mwimbaji alikuwa na miaka 18 tu, na mwaka 1980 yeye mwenyewe aliacha muziki akiwa na miaka 21 ili aolewe, kwa hiyo watu wa rika la mwalimu wako wakiusikia leo wanasikia na hilo.

Haukimbii na maneno yake yametulia. Uimbe huo.

Mpiga Besi

Namheshimu Mkaazi, lakini nina wasiwasi wa kumpeleka kijana karaoke na wimbo wa kumliza mwalimu kabla vinywaji havijafika. Napendekeza September wa Mariya Takeuchi, uliotoka Agosti 1979, muziki ukiwa wa Tetsuji Hayashi na maneno ya Takashi Matsumoto. Besi yake inaruka, waitikiaji wa nyuma wanajibu kwa furaha, na ukiuweka bila kufuatilia maneno utadhani ni wimbo wa kwenda matembezini.

Sasa fuatilia maneno. Msichana anaifukuzia shati ya rangi ya haradali ndani ya kundi la watu, anarukia treni ileile na kujificha kila mwenye shati anapogeuka, huku anajua fika kwamba kijana huyo anakwenda kukutana na mwanamke aliyemzidi umri. Mji nao umekolea rangi kama mchoro wa kalamu za nta. Halafu kuna kamusi aliyoazimwa: anasema kesho atairudisha, ila neno moja atakuwa amelikata, nalo ni neno la mapenzi. Mimi nimesikia nyimbo nyingi za kuachwa, za kwetu na za watu, lakini kurudisha kamusi ya mtu ikiwa na tundu mahali pa neno hilo sijaona mahali pengine.

Kasoro yake kwa muuliza swali ni moja: unakwenda haraka kuliko alivyoomba.

Harufu ya Asumini

Wenzangu mnatazama rangi, mimi nawaletea pua. Mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, kutegemea mahali, huchanua mti unaoitwa kinmokusei, wenye maua madogo ya rangi ya chungwa ambayo huyaoni mpaka umeshapigwa na harufu yake kutoka upande wa pili wa barabara. Haidumu, mvua moja kubwa huyamwaga yote chini. Bendi ya Fujifabric iliutungia wimbo mwaka 2004, katika mfululizo wa nyimbo nne, kila mmoja na msimu wake. Gitaa linaanza taratibu kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, kisha ngoma zinaingia na mwendo unapanda, kwa sababu harufu imempata njiani na moyo umeanza kwenda mbio bila sababu anayoweza kuitaja. Aliyeutunga na kuuimba, Masahiko Shimura, alifariki Desemba 2009. Kwa karaoke ni mgumu. Kwa kusikiliza ukitembea jioni sijapata unaouzidi.

Wa kuimba, mpe Kaede wa Spitz. Kaede ni mti ule wa majani mekundu, lakini ukiyapekua maneno ya wimbo hutaukuta umetajwa popote, na tena kama singo ulitolewa Julai 1998, katikati ya joto. Ni wa kumuaga mtu na kuondoka na sauti yake kifuani. Unakwenda polepole kabisa.

Mkaazi wa Kitambo

Kaede nakubali, ingawa kiitikio kinapanda juu na kijana ametuambia sauti yake ni nzito. Ashushe ufunguo wa wimbo kwa rimoti ya mashine ngazi tatu au nne, hakuna atakayemcheka. Aliyetaka majani naye asije akasema tumemnyima: Koibito yo wa Mayumi Itsuwa, wa mwaka 1980, unaanza kabisa na majani makavu yakianguka jioni. Humo mna benchi lililoharibiwa na mvua, na mtu wa mbio anayepita kwenye njia ya kokoto kana kwamba anataka kusahau, huku mwanamke akitamani mpenzi wake acheke na kusema kwamba habari za kuachana zilikuwa mzaha. Huo nao ni mzito, Mpiga Besi atanisamehe.

Mgeni wa Sendai

Nawashukuru nyote. Nimezisikiliza zote jana usiku, na ule wa mama na binti nimeurudia mara nne. Nilikuwa na shaka kama inafaa mwanamume kuimba maneno ya binti anayeolewa, lakini nimekuta kwamba Sada mwenyewe, aliyeutunga, naye huuimba, kwa hiyo nimeuchagua. Wa pili ni Kaede, ngazi nne chini. September nimemwachia mwenzangu wa maabara mwenye ulimi mwepesi. Amenieleza pia kwamba kwenye skrini ya karaoke herufi ngumu huwekewa hiragana ndogo juu yake, jambo ambalo limeniondolea nusu ya hofu. Leo asubuhi, nikienda kituoni, nilipita kwenye ukuta wa nyumba moja nikapigwa na harufu tamu, nikainua macho, na chini ya mti lami ilikuwa imejaa punje za rangi ya chungwa.